Nani Alimwona Kasmir Juu ya Pipa

Mwalimu Sofia alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo aliitwa "inasemekana". Mwanafunzi akiliandika neno hilo kwenye daftari la Historia, Mwalimu hulizungushia duara jekundu, kisha pembeni anauliza kwa mwandiko wake mwembamba: Nani anasema? Ukiandika "watu wanasema", unapata maduara mawili. Watoto wa darasa la saba walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwalimu wa Hesabu, na yule wa Hesabu alikuwa na fimbo.

Mwaka huo wa themanini na nne, sukari ikiwa ya foleni na ugali ukiwa wa unga wa njano, aliwapa kazi ya muhula. Kila mmoja atafute tukio lililotokea Dar es Salaam kabla ya uhuru, aliandike, na kila neno liwe na mwenyewe. Aliyeona kwa macho yake ana uzito wake. Aliyesikia kwa aliyeona ana uzito pia, ila mdogo. Aliyesikia kwa aliyesikia, akasema Mwalimu, huyo mwacheni kijiweni amalizie kahawa yake. Tena mashahidi wasipungue wawili, na wasiwe watu waliokula chungu kimoja, maana wa chungu kimoja husimulia hadithi moja. Insha bora ingesomwa siku ya wazazi.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza Euphrasia. Alikuwa binti wa Vitalis, karani wa ghala, na mjukuu wa marehemu Kasmir, Mchaga wa Rombo aliyekuwa kuli bandarini kabla ya kufungua kijiduka chake Mchafukoge. Tangu angali mdogo alikuwa akisimuliwa hadithi moja ya babu yake mpaka akaijua na pumzi zake. Mwaka arobaini na saba, makuli walipogoma, Kasmir alipanda juu ya pipa pale Mnazi Mmoja, akawahutubia maelfu, na Wazungu wakatetemeka. Basi akanyoosha mkono, akasimama, akaimwaga yote mbele ya darasa, na katikati akatia ngurumo kidogo ya radi ambayo hata kwa bibi yake haikuwemo.

Mrisho, mtoto wa dawati la nyuma ambaye tangu darasa la tatu hakuwa ameuliza swali lolote isipokuwa ruhusa ya kwenda nje, akauliza: "Nani alimwona?"

Mwalimu Sofia alifurahi mno. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, Nani alimwona Kasmir juu ya pipa, kisha akamwambia Euphrasia kwamba akilijibu swali hilo sawasawa, insha yake ndiyo itakayosomwa. Akishindwa, asimlete babu yake darasani tena.

Bibi Candida, mjane wa Kasmir, alipopelekewa habari hiyo alisikia nusu ya kwanza tu. Mzee wake alikuwa na miaka mitatu kaburini, na kwa miaka hiyo mitatu jina lake lilitajwa kwenye misa ya kumbukumbu na basi. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, akawatangazia Warombo wote wa Mchafukoge kwamba Kasmir atasomwa shuleni. Halafu akaenda kwa binamu yake, aliyemjua mtu, aliyemjua mtu wa duka la ushirika, na kwa njia ambazo mwaka ule haikuwa busara kuzitaja kwa sauti zikapatikana doti kumi na mbili za kitenge cha namna moja. Sare, wanawake kumi na wawili, mstari wa mbele.

Euphrasia aliviona vile vitenge vimepangwa kitandani, akavihesabu. Kama babu hakupanda pipa lolote, hao kumi na wawili ndio wangeyasikia hayo wa kwanza, na bibi yake yuko katikati yao.

Akaanza kutafuta mashahidi. Baba yake, Vitalis, alisema jambo hilo linajulikana na kila mtu. Kila mtu nani? Vitalis akafikiri, akasema amwulize bibi yake. Bibi akasema yeye mwaka huo alikuwa bado Rombo, Dar alikuja mwaka uliofuata akiwa bibi harusi, na habari za pipa alipewa na Kasmir mwenyewe. Euphrasia akazipeleka kwa Mwalimu. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kwa hesabu yake, aliyemwona Kasmir juu ya pipa ni Kasmir. Akachora duara hewani kwa kidole.

Akaenda maktaba kuu, akaambiwa anawe mikono, akaletewa gazeti la Kiingereza lililochakaa kingo, akalisoma kwa kamusi mchana kutwa. Mgomo ulikuwepo, hilo likathibitika, na roho ikamtulia kidogo. Gazeti lilijua idadi ya meli zilizokwama na aina ya shehena iliyooza. Jina la kuli hata mmoja halikulijua.

Ikabaki njia moja, na hiyo njia ilikuwa na miiba. Katika makuli waliofanya kazi pamoja na Kasmir, aliyekuwa hai na yuko mjini ni mzee Anaeli, na mzee Anaeli alikuwa Mpare.

Nani asiyejua Mchaga na Mpare walivyo? Ni watani. Mpare atakwambia Mchaga anauza hata kivuli chake. Mchaga atakwambia Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wakitukanana wanacheka, wakinyang'anyana hawashtakiani, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kwenye matanga ya Kasmir, watu wakilia, Anaeli aliingia amevaa koti la marehemu, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akadai chakula chake. Kisha akadondosha sarafu sakafuni karibu na jeneza, akatega sikio, akawatangazia waombolezaji kwamba sasa ameamini, Mangi, kama alivyozoea kumwita Mchaga wake, amekufa kweli. Bibi Candida, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Ndiyo kazi ya mtani, na Anaeli aliifanya vizuri.

Lakini kazi ya mtani haikuwa kusema ukweli. Vitalis alimwonya binti yake kwamba huyo Mpare ukimwuliza saa atakujibu tarehe.

Anaeli aliuza tangawizi na vitunguu saumu kule shimoni, chini ya soko jipya la Kariakoo. Euphrasia alimkuta amekaa nyuma ya mizani yake, akamwamkia.

"Marahaba, mwizi mdogo," akajibu mzee. "Umekuja kuninunua au kuniuza?"

Euphrasia akamweleza shida yake, neno kwa neno, mpaka vitenge. Anaeli akatikisa kichwa kwa huzuni, akamsogezea gunia akae, akasema haya mambo ni mazito, lakini kwa kuwa ni ya shule atayasema. Siku ile ya mgomo ilikuwa Jumatatu. Kasmir alidhani ni Jumapili. Alikuwa amelala uani kwa watu mtaa wa Gerezani, ndani ya sufuria la shughuli, kwa sababu kitanda cha kupanga kililipiwa na sufuria lilikuwa bure. Alipoamka, macho mekundu kwa usingizi, mwiko umemganda mgongoni, mgomo ulikuwa umekwisha.

Euphrasia aliandika mistari mitano kabla ya kugundua, akafunga daftari, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi. Anaeli akaomba radhi, akasema jana alitania, leo hataniwi mtu. Ukweli ni kwamba Kasmir aliiba sufuria kwenye harusi moja Gerezani, akafungwa nalo shingoni, akapigwa kwa mwiko wa sufuria lenyewe, akalia hata macho yakawa mekundu wiki nzima. Kwa hiyo mgomo aliusikia tu kwa mbali. Siku ya tatu hadithi ikawa ni ndoa. Mahari ya binadamu ilimshinda, bahili yule, akaoa sufuria la Gerezani. Mwenye nyumba alilitoa kwa baraka zote, mwiko ukawa mshenga, na bwana harusi alilia kwa furaha, macho mekundu.

Sasa Euphrasia naye alikuwa mjukuu wa Kasmir, si mtoto wa kuonewa tu. Mzee alipogeuka kumhudumia mteja, akayazoa mawe yote ya mizani, akayatia kwenye mkoba wa shule, akamwambia atayapata siku atakayosema kweli. Wauzaji wa jirani wakashangilia. Mpare bila mawe ya mizani atauza nini? Na kugomba hawezi, maana mtani akichukua amechukua.

Anaeli alimtazama kwa mapenzi makubwa. Alisema sasa ndiyo anaona damu ya Mangi. Akamwita karibu, akashusha sauti, uso ukawa wa mtu aliye mbele ya hakimu, akasema kwamba Kasmir hakuwepo mjini kabisa. Alichukua sufuria lake kutoka Gerezani, akaenda nalo Magogoni, akapanda pantoni kwenda Kigamboni, na kwa kuwa alishalipa nauli hakuona sababu ya kushuka. Akavuka na kurudi, akavuka na kurudi, siku zote za mgomo, anapiga makasia kwa mwiko, macho mekundu kwa chumvi.

Shimo zima likaangua kicheko. Euphrasia alimrudishia mawe moja baada ya jingine, akapanda ngazi analia. Alilia kwa hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu siku ya wazazi ilikuwa wiki ijayo na alichokuwa nacho ni sufuria.

Jioni ile alipewa jiko. Mkaa ulikuwa mbichi, unafuka tu, na yeye amepiga magoti anapuliza, anakoroga, anapuliza. Bibi Candida alipita akamshika kidevu, akamwuliza nani amemliza, mbona macho mekundu.

"Moshi, Bibi," akajibu, na hata kabla hajafunga mdomo akaacha kukoroga.

Macho mekundu. Akaanza kuhesabu kwa kichwa. Mzee Anaeli alibadilisha siku, akabadilisha kosa, akabadilisha usingizi kuwa wizi na wizi kuwa ndoa. Lakini kila mara ilikuwa Gerezani. Kila mara kulikuwa na sufuria, tena sufuria kubwa la shughuli, na mwiko hata pale usipohitajika. Nani anapiga makasia kwa mwiko? Na kila mara macho ya babu yalikuwa mekundu. Mtu anayebuni hubadilisha alichobuni. Alichokiona hukiacha humohumo bila kujua, kwa sababu kwake hicho si uongo. Ugali ule uliungua, na Euphrasia alikula sehemu ya chini bila kunung'unika.

Jumamosi akaenda Gerezani, akauliza nyumba kwa nyumba ni nani zamani zile alikuwa na masufuria makubwa ya shughuli. Akaelekezwa kwa Bi Zamzam, anayeyakodisha hadi leo, kama mama yake alivyoyakodisha kabla yake. Bi Zamzam alimkaribisha mkekani. Euphrasia alikuwa ameshapanga moyoni asimtie shahidi maneno mdomoni. Hakutaja Mchaga, hakutaja babu, hakutaja jina. Aliuliza tu kama mwaka wa mgomo wa makuli kuna sufuria lolote lilitoka uani hapa.

Lilitoka, akasema Bi Zamzam, tena lile kubwa kuliko yote, na halikwenda mbali. Makuli hawakuwa na mshahara, wengi hawakuwa na wake mjini, wangerudi kazini kwa njaa kabla ya kurudi kwa woga. Mama yake akatoa sufuria na ua, wengine wakaleta unga, wengine kuni, na ukapikwa uji asubuhi na jioni siku zote za mgomo. Yeye alikuwa msichana wa kuchota maji, aliona kwa macho yake.

"Na nani alipika?"

"Mchaga mmoja, jina lake la Kikristo gumu, Kasimiri. Siku ya kwanza aliuunguza, mama akamchapa vidole kwa mwiko. Mwisho wa mgomo watu wanatoka Ilala wanajifanya makuli ili waunywe." Akacheka. "Macho yalimwiva yule kijana kwa moshi. Alikuwa na rafiki yake Mpare anamletea tangawizi, akishatia anaanza kumtukana."

Euphrasia akauliza habari za pipa, sauti ikiwa ndogo. Bi Zamzam alikumbuka pipa. Siku hiyo watu wote walikwenda Mnazi Mmoja kusikiliza hotuba, na aliyepanda alikuwa mtu mwingine, jina hakulishika. Walimwita na Kasmir twende. Akakataa. Alisema uji ukiuacha unashika chini.

Njia nzima ya kurudi Euphrasia hakujua acheke au alie. Babu wa kwenye pipa alikuwa ametoweka, na kwa kweli hakumpenda sana yule. Alikuwa kama picha ukutani. Huyu mwenye macho mekundu aliyechapwa vidole akarudi kukoroga, huyu alimpenda palepale. Lakini vitenge kumi na viwili vilikuwa vimeshashonwa.

Akapitia shimoni. Akasimama mbele ya mizani, akasema, "Babu alipika uji."

Mzee Anaeli alikuwa anamenya kitunguu saumu. Akaacha.

"Nani amekwambia?"

"Wewe. Mara nne."

Mzee akamwomba asogee, na safari hii sauti haikuwa ya mtu aliye mbele ya hakimu, ilikuwa ya mzee aliyechoka. Alisema Kasmir alimwapisha. Mwaka ule Candida alipokuwa njiani kuja, Kasmir alimshika mkono akamwapisha kwamba mke wake asijue kamwe kuwa aliwahi kushika mwiko. Yeye akaapa, na mpaka leo hajavunja. Akiulizwa habari za mgomo huufunika ukweli kwa matusi, na watu wakicheka hawaulizi tena. Kwa nini Kasmir alitaka hivyo, Anaeli hakusema. Alisema tu mwanamume ana mambo yake. Akamsihi Euphrasia aandike la pipa. Aliyelipanda hajulikani, hatakuja kulidai.

Euphrasia alijibu kwamba Mwalimu Sofia atadai.

"Basi," akasema mzee, akachukua kitunguu chake tena, "na mimi siku hiyo nitakuja."

Wiki ile Euphrasia alijaribu kumwambia bibi yake mara tatu. Mara ya kwanza Bibi alikuwa anapiga pasi kitenge. Mara ya pili alikuwa anaisimulia picha ya Kasmir ukutani jinsi siku hiyo itakavyokuwa. Mara ya tatu Euphrasia alifungua mdomo, akaomba chumvi. Alikuwa mwoga, na alijijua ni mwoga, na bado usiku wa kuamkia siku hiyo aliandika kurasa zake kama Bi Zamzam alivyosema, kwa sababu kalamu ilikataa pipa.

Siku ya wazazi uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa tawi alizungumza kwa kirefu juu ya kilimo cha kufa na kupona, ingawa karibu wote waliokuwepo walikaa ghorofani au chumba cha kupanga. Warombo kumi na wawili walikaa mbele, kitenge kimoja, na Bibi Candida katikati yao amenyoosha shingo. Vitalis alikuwa nyuma yao amevaa shati la suti ya Kaunda. Mzee Anaeli alisimama pembeni na kofia mkononi, hakualikwa na mtu.

Euphrasia akaitwa. Akasoma. Alianza na gazeti, meli na shehena, na wanawake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Akafika Gerezani. Akasoma habari za ua, unga, kuni, sufuria na mpishi. Akamtaja mpishi kwa jina lake lote na la baba yake. Akasoma kwamba kwa mujibu wa Bi Zamzam, aliyeona kwa macho yake, Kasmir hakupanda pipa kwa sababu uji ungeshika chini. Vichwa vya Warombo vikaacha kutikisika, kimoja kimoja. Hakuthubutu kumtazama bibi yake. Alimaliza, akabaki ameshika karatasi.

Mzee Anaeli akasogea mbele. Akaomba ruhusa kwa Mwalimu, akavua koti, akajisafisha koo.

"Mtoto huyu amedanganywa," akasema. "Mimi nilikuwepo. Kasmir alipanda pipa. Kasmir alikuwa shujaa, mkarimu, hana tamaa, na katika maisha yangu sijapata kuona mtu hodari kama Mchaga yule."

Alisema kwa moyo wote, masikini, alitaka kumfichia rafiki yake. Lakini hakupima maneno. Mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa mguno. Wa pili akajifunika mdomo kwa kitenge. Mpare anamsifu Mchaga, mbele ya watu, mchana, tena hana tamaa? Wanawake wale walimjua Anaeli miaka nenda rudi, hawakuwahi kumsikia akimtaja Kasmir bila kumvua nguo. Kicheko kikaanza upande mmoja, kikazagaa uwanja mzima, na kadiri Anaeli alivyozidi kuapa kwamba ni kweli, shujaa, pipa, ndivyo watu walivyozidi kujua kwamba Kasmir alipika uji. Hakuna shahidi wa pili ambaye angeithibitisha insha ile vizuri zaidi. Mwalimu Sofia mwenyewe alikuwa ameinama, mabega yanacheza.

Bibi Candida ndiye hakucheka. Akasimama, akakiweka sawa kitenge chake, na kicheko kikafa.

"Kaa chini, Mpare," akasema. "Alipika?"

Anaeli akatazama kofia yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Alijua kukoroga? Uji wa watu wengi, usiingie madonge?"

Akaitikia tena.

Euphrasia aliona midomo ya bibi yake inatetemeka, akajua amemvunja, akatamani ardhi impokee na karatasi zake. Bibi Candida akamgeukia Mwalimu Sofia, akamwomba, kwa adabu, aruhusiwe kuongeza neno kwenye historia hii. Mwalimu akasema anaruhusiwa.

"Mimi nilikuja hapa mjini sina mama, sina mama mkwe," akasema. "Kwetu mwanamke akijifungua anapikiwa mtori wa ndizi, analala, anahudumiwa. Nimemzaa huyu Vitalis Mchafukoge, chumba kimoja, siku ya tatu nikaamka kumenya ndizi mwenyewe huku nimejishika ukuta. Na Kasmir amekaa mlangoni ananionea huruma. Ananiambia, mke wangu, ningekusaidia, lakini mkono wangu haujui mwiko, tangu nizaliwe sijachemsha hata maji." Akamtazama Vitalis. "Nikamhurumia. Watoto sita. Nilimhurumia mara sita."

Hapo hakuna aliyejua pa kutazama. Vitalis aliviangalia viatu vyake kwa makini sana, maana na yeye mkono wake haukujua mwiko, na mke wake alikuwa amekaa pembeni yake na ameshageuza uso. Kisha kitu kikaanza kumtikisa Bibi Candida kutoka tumboni, akajizuia, kikamshinda, akaangua kicheko na machozi kwa pamoja, akiliita jina la mume wake, mwongo yule, mwongo yule mzuri, mpaka wenzake wakamshika mikono wasijue wamfariji au wacheke naye.

Alipopata pumzi alinyoosha kidole kwa mjukuu wake, aliyekuwa bado amesimama pale mbele.

"Andika na hilo, Euphrasia," akasema. "Hilo sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo."